Unataka meno meupe? Ngoja kwanza, anza na ufizi

Kabla hujampelekea mtu pesa ya zile trei zenye taa ya buluu za kufanya meno meupe, au hujasaga mkaa ukachanganya na ndimu ukaanza kusugua, nisikilize kidogo. Mie nimekaa na jino la mbele lilokufa tokea niko skuli. Nilianguka na baiskeli likapiga kwenye ukingo wa barza, halikuvunjika wala nini, lilikuja likabadilika tu taratibu mpaka likawa kijivu, na miaka yote hiyo nikawa nacheka mtandio uko mdomoni, na kwenye picha za shughuli mie ndo yule aliefunga mdomo kama kanuna. Siku hizi nacheka vizuri tu, na kila nnaekutana nae anataka nimwambie blichi nimefanya wapi. Jawabu langu huwa linawaudhi, maana blichi ile ya kupaka haikunifaa kitu na wala isingenifaa, na wengi wanaoulizia weupe midomo yao haitaki weupe, inataka matengenezo.

Meno hayabadiliki rangi kwa sababu moja jamani. Kuna madoa ya nje, haya ndo ya chai ya rangi, kahawa, sigara, tambuu, haya yamekaa juu tu na mengi yanaondoka kwa kusafishwa hospitali bila ya blichi yoyote. Kuna rangi ya ndani, mfano jino lilopigwa kama langu, mshipa wa ndani unakufa, damu inaingia ndani ya jino lenyewe na ndo kijivu kinapotokea, hapo hata upake nini juu unajichosha. Halafu kuna meno ya wenzetu waliozaliwa Arusha, Kilimanjaro na Manyara, mie nna binamu zangu kule wana madoa ya kahawia, hiyo ni floridi nyingi kwenye maji waliyokunywa wakati meno yanajijenga utotoni, si uchafu, na watu wanawasimanga bure kuwa hawapigi mswaki. Wale wakitengenezwa, wengine husuguliwa ile tabaka ya juu kidogo sana kwa dawa maalum, wengine blichi, na walozidi sana ndo huvishwa gamba la bandia juu. Sasa wewe hujui lako ni lipi kati ya haya unanunua dawa ya mtandaoni ya nini?

Na ule mkaa na ndimu ndo kabisa. Gamba la juu la jino ni gumu kuliko mfupa lakini halina uhai, likishalika halioti tena mpaka unakufa. Ndimu inalilainisha, mkaa unalikwangua, na chini yake kuna tabaka ambayo rangi yake ya asili ni njano. Kwa hiyo wiki ya mwanzo unaona meno yanang'aa, mwakani unashangaa mbona yamekuwa ya njano zaidi na ukinywa maji ya baridi unaruka. Embe mbichi, ukwaju na soda zinafanya kazi hiyo hiyo polepole, sikwambii uache embe mbichi ya pilipili kwani hata mie sitoacha, lakini ukishakula sukutua na maji ya kawaida, usikimbilie mswaki hapo hapo, ngoja kama nusu saa gamba lirudi nguvu.

Sasa twende kwenye kiti. Ukienda kwa daktari wa meno wa kweli, ukamwambia nataka meno mazuri, kitu cha kwanza atakachotizama ni ufizi. Mie nilikwenda na akili yangu yote iko kwenye lile jino moja, yeye akaanza kunihesabia mashimo ya magego na ukoga ulojificha nyuma ya meno ya chini. Nikaona anataka kunila pesa. Lakini ana haki, kwa sababu ufizi unaotoka damu umevimba, umejikunja vibaya, ukivisha jino kofia, yaani gamba la bandia linalolifunika jino zima, au ukalijaza hapo ufizi ukija kupona unarudi nyuma na mstari wa kofia unaonekana, pesa yote imekwenda. Kwanza safisha, ziba yaliyotoboka, ng'oa yasiyofaa, subiri ufizi utulie, urembo ndo unafuata.

Na ile habari ya kuwa kusafisha meno kunayalegeza, nimeisikia tokea mdogo, bibi zetu wote wanaisema. Kinachotokea ni kuwa ukoga ukikaa miaka unakuwa mgumu kama jiwe unajaza nafasi zote, na chini yake ufizi na mfupa unaliwa. Ukitolewa ulimi wako unagusa nafasi ambazo zilikuwepo siku zote ila zimezibwa. Jino likicheza baada ya hapo, lilikuwa limeshalegea na ukoga ndo uliolishika. Hapo unataka daktari haraka zaidi, hutaki kuuachia ukoga ukushikie meno. Mwenye sukari khasa asilale, sukari ikipanda ufizi unaharibika na ufizi ukiharibika sukari inakuwa tabu kushuka, vinavutana.

Watafuna tambuu nao nna neno nao. Madoa yale mekundu na meusi yanasafishika, ndio, lakini popoo lenyewe wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshalitia kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tokea 2004, hata likitafunwa bila ya tumbaku. Ukiona doa jeupe au jekundu mdomoni halitoki zaidi ya wiki mbili, au mdomo hauachami kama zamani, au chakula cha pilipili kimeanza kukuunguza ghafla, nenda ukatizamwe, habari ya rangi ya meno iweke pembeni.

Jino langu sasa. Picha ya eksirei ilionesha kivuli kwenye ncha ya mzizi, maana yake lile jino lilokuwa "halina shida" lilikuwa na usaha kimya kimya. Ikabidi rutikanali. Najua hilo jina peke yake linawatoa watu mbio, lakini jino lilokufa halina hisia tena na sindano ya ganzi wanakupiga pia, kilichoniuma mie ni taya kwa kuacha mdomo wazi muda mrefu. Wanatoboa kwa nyuma, wanausafisha mrija wa ndani, wanauziba. Ikesha hapo ndo akaniambia kuna njia ya kulifanyia weupe kutokea ndani, anaitia dawa kwenye lile tundu, anafunga, unarudi baada ya siku kadhaa anatizama. Hii ni rahisi kuliko kofia na wengi inawatosha, hawafiki mbali zaidi. Langu liling'ara ila karibu na ufizi likabaki na kiza, na kwa nyuma lilikuwa na kijazio cha zamani kikubwa, hivyo tukaishia kwenye kofia ya kauri.

Hapa nataka mzingatie maana hapa ndo pesa inapotea au inapona. Kuchagua rangi ya jino moja la mbele ni kazi ngumu kuliko kutengeneza yote. Alinitoa kwenye ile taa kubwa akanisogeza dirishani, mwangaza wa asubuhi, akaniambia nifute lipstiki, na kanga yangu nyekundu akaifunika kwa kitambaa cha kijivu kwa sababu wekundu ulikuwa unamdanganya macho. Ana kibao kina vijino vidogo vya rangi tofauti anavisogeza kimoja kimoja karibu na jino langu, tena alifanya hivyo mwanzo kabisa kabla hajagusa kitu, kwani meno yakikauka yanakuwa meupe kuliko yalivyo. Daktari akitaka kukuchagulia rangi mwisho wa kazi, mdomo umekauka, chini ya taa ya manjano, mwambie tu kwa adabu dokta naomba tufanye kesho asubuhi. Na kama una niya ya kufanya blichi meno mengine ifanye kabla, usubiri kama wiki mbili rangi itulie, kisha ndo kofia ifatishe rangi hiyo. Kofia, kijazio, jino la bandia, vyote hivyo blichi haiviingii, ukifanya kinyume unabaki na jino moja limeachwa na wenzake.

Baadae kipimo, wanakujazia mdomoni dawa nzito kama bokoboko unaing'ata mpaka ikamatane, ukipumua kwa pua inapita salama. Unavishwa kofia ya muda ya plastiki wakati ile yenyewe inatengenezwa. Hapo usile urojo! Manjano yanaingia kwenye ile plastiki haitoki tena, na kwa walofanya blichi siku mbili tatu za mwanzo ni hivyo hivyo, biriani, mchuzi wa manjano na kahawa viache vipite. Ilipokuja kofia yenyewe aliijaribu kabla hajaigandisha, akaniambia niseme "fofofo", niseme "vivuvivu", nikadhani ananifanyia mzaha, kumbe jino la mbele likizidi urefu kidogo tu F na V zinatoka na upepo. Mwambie akupe kioo, ujicheke, uongee na alokusindikiza, kabla hajagandisha. Ikishagandishwa kuitoa ni kuivunja.

Viniya sasa, maana vijana wote ndo wanazitaka. Ni kigamba chembamba cha kauri kinagandishwa mbele ya jino, na mara nyingi jino lenyewe lazima lipunguzwe kidogo kwa mbele, halirudi tena hilo. Ya kauri ikitunzwa vizuri inaenda miaka 10, 15, kisha inabadilishwa. Una miaka 22, piga hesabu mwenyewe mpaka uzee utabadilisha mara ngapi na nani atalipa. Ile ya kujaza kwa rizini, plastiki ya rangi ya jino, inafanywa siku moja, ni rahisi zaidi, jino haliguswi sana, ila inashika madoa na inameguka, uzuri wake ikimeguka inatengenezeka. Mie kwa mtu mwenye meno mazima aliemeguka pembe kidogo ningemshauri rizini bila ya kufikiri mara mbili. Na hao wanaosafiri Uturuki kuchongewa meno mazima yote yakabaki vigingi wakavishwa makofia meupe pee, sina la kusema, mdomo wao, lakini jino lilochongwa vile mshipa wake unaweza kufa baadae na hapo utarudi kwenye rutikanali uliyokuwa unaikimbia.

Mwanya wako usiuzibe kwa sababu umeona picha ya Marekani. Hilo namaliza hapo hapo.

Wenye mapengo mna njia tatu. Meno ya kuvaa na kuvua, mama yangu anayo, usiku anavua anayaweka kwenye maji ya baridi, maji ya moto yanayapinda, na ajue kuwa mfupa baada ya kung'oa unasinyaa, hivyo miezi ya mwanzo meno yanalegea na lazima yarudishwe kurekebishwa, si kwamba umetapeliwa. Daraja linashikwa na meno ya pembeni, kwa hiyo meno mazima mawili yanachongwa ili kubeba moja, fikiria kwanza. Implanti ni skrubu ya titani inayotiwa ndani ya mfupa, mfupa unaikamata wenyewe. Daktari wa Sweden, Brånemark, alimtia mtu wa kwanza mwaka 1965, kwa hiyo si kitu kipya cha majaribio, ila ni ghali na inasubiriwa miezi mitatu mpaka sita kabla ya kuvishwa jino juu, na mvuta sigara au mwenye sukari isiyotulia iko hatari ya kutoshika.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu. Kutibu kilichoharibika masheikh wetu wengi hawana tatizo nacho, wanaitaja hadithi ya sahaba Arfaja alokatwa pua vitani, akatia ya fedha ikamtolea harufu mbaya, Mtume (SAW) akamwambia atie ya dhahabu. Lakini kuchonga meno mazima kwa urembo mtupu ni mjadala mwengine, na kujitia mwanya kwa kuchonga imekuja hadithi ya kukataza, muulize shekhe wako usimuulize fundi wa kupaka rangi.

Kuhusu bei sitokutajia maana zinatofautiana sana kati ya hospitali ya serikali, za binafsi za mjini na ukivuka Dar. Uliza bei ya safari nzima, picha, rutikanali, kofia ya muda, kofia yenyewe, na ikivunjika ndani ya mwaka inakuwaje. Uliza pia kama bima yako inachukua hiyo rutikanali, kwani hata isipolipia urembo huenda matibabu ikalipia. Daktari akikasirika kwa maswali hayo, tafuta mwengine alosajiliwa. Na mwambie dawa zote unazokula, za presha, za sukari, khasa za kuyeyusha damu.

Kama ni kwa ajili ya harusi, hesabu kurudi nyuma. Implanti anza nusu mwaka kabla au zaidi, kofia na viniya miezi miwili mitatu, blichi mwezi, kusafisha wiki mbili tatu kabla ili ufizi utulie. Ramadhani ikiingia katikati panga miadi baada ya futari, kuna wanaofungua usiku. Wiki yenyewe ya harusi usiguse kitu kipya mdomoni, kasuguliwe singo tu.