Re: Mustang 1966 bado inayumba kwenye kona baada ya kubadili springi

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: kwenye Mustang yako, hilo gari la Ford, umefunga springi fupi na shokapu mpya, lakini ukiingia kona gari linalala upande na mlango unalia kwi kwi.

Huo mlio wa mlango ndio ulionishtua. Mustang hiyo haina fremu kamili, bodi ndiyo chesisi. Kabla hujanunua kitu kingine, fungua boneti, chukua tochi na brashi ya waya, usugue minara inayobeba springi za mbele. Kwenye yangu, pia ya 1966, nilikuta ufa mwembamba kama unywele umejificha chini ya rangi. Shokapu ya bei yoyote haisaidii hapo.

Ukikuta ufa, uzibe kwanza, kisha chomelea vyuma vya kuunganisha fremu ndogo ya mbele na ya nyuma. Wakati wa kuchomelea gari likae kwa uzito wake juu ya matairi, lisining'inie kwenye jeki! Mimi nilikosea hapo, mlango wa dereva ukagoma kufunga. Nikakata, nikaanza upya.

Halafu, kwa huko kulala kwenye kona, teremsha inchi 1 mikono ya juu ya sasipensheni ya mbele (vyuma vinavyoshika gurudumu kwa juu), kama GT350 ya 1965, ile Mustang ya mbio iliyotengenezwa na Shelby. Ni kutoboa matundu mapya ya kufungia hiyo mikono tu, ila springi ibanwe kwanza kwa kifaa chake, ikifyatuka inaua. Ukimaliza, peleka gari alaimenti, magurudumu yanyooshwe.

Shokapu zenye springi humohumo sijawahi kufunga, hizo waulize wengine. Tupia picha za hiyo minara.