Bastola ya Mauser haionekani magazetini

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha historia hapa Tabora. Wanafunzi wangu wana picha ya afisa wa Kijerumani, ana bastola yenye ala ya mbao. Nimeambiwa ni Mauser C96. Nimeliandika jina hilo kwenye hifadhi za magazeti ya zamani mtandaoni, sipati kitu. Nakosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kasoro iko kwenye jina. "C96" ni lugha ya wakusanyaji na vitabu vya leo. Mwandishi wa mwaka 1898, Winston Churchill (baadaye waziri mkuu wa Uingereza) alipokwenda nayo vitani Omdurman, Sudan, angeandika "Mauser pistol" basi. Wengine waliita "revolver" kila bastola, hata isiyo na silinda inayozunguka, kwa hiyo matokeo yenye neno hilo usiyatupe.

Kwa upande wetu kuna gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1899. Maktaba ya Staatsbibliothek ya Berlin imeliweka mtandaoni. Humo tafuta "Selbstladepistole", yaani bastola inayojipakia. Hapo ndipo wengi hukwama. Katika herufi za Kijerumani za zamani, s ya katikati ya neno ni ndefu na inafanana sana na f, basi kompyuta inayosoma picha ya ukurasa mara nyingi huandika "Selbftladepiftole". Liandike hivyo hivyo, na makosa yake! Halafu safu za gazeti ni nyembamba, neno refu kama hilo hukatwa katikati mwishoni mwa mstari. Jaribu "Mauser" peke yake, na "Maufer" pia.

Kwa Kiingereza, Maktaba ya Bunge la Marekani na Trove, hifadhi ya mtandaoni ya Australia, ni bure. Matangazo ya biashara nayaamini kuliko habari, maana magazeti yalinakiliana habari kwa miezi, wakati muuzaji alitaja bei na idadi ya risasi. Anzia 1897, kabla ya hapo utakutana zaidi na bastola ya Borchardt ya 1893.

Ila kabla hujamaliza bando, ikague picha yenyewe. Kasha la risasi 10 la Mauser liko mbele ya kifyatulio. Likiwa ndani ya mpini, huenda ni Luger, bastola nyingine ya Kijerumani, na neno la kutafuta ni "Parabellum".