Maswali ya Wasomaji: Nani abebe video ipi?

SWALI: Mhariri, tumepanga chumba Sinza wanafunzi watano. Mhadhiri wetu hututumia video 20 za masomo, na kila jioni tukizifungua kwa pamoja mtandao huwa mzito. Nimesikia kwamba simu zilizo karibu zinaweza kugawiana video bila kupitia mnara. Je, kila mmoja wetu ahifadhi ile inayotazamwa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, hapana. Simu ya mwenzako inakufaa pale tu inapobeba kitu ambacho yako haina. Zote tano zikiwa na video ileile, chumba chenu kina video moja tu.

Tuchukulie kwamba kila simu ina nafasi ya video moja, na kwamba video ya pili kwa kupendwa huombwa nusu ya mara za ile ya kwanza, ya tatu theluthi, na kuendelea hivyo hadi ya 20, mpangilio unaokaribiana na mazoea ya watazamaji wa mtandaoni. Mkihifadhi wote ya kwanza, mtajitosheleza kwa takriban asilimia 28 ya maombi. Mkigawana tano za juu, mtavuka asilimia 63.

Hesabu hiyo, hata hivyo, haimtazamii mtu kutoka. Mwenye video ya kwanza akipanda daladala kwenda Kariakoo, mnashuka hadi chini ya asilimia 36. Kwa hiyo ningeshauri ya kwanza ikae kwenye simu mbili, na tatu zilizobaki zibebe ya pili, ya tatu na ya nne: mtafikia asilimia 58 hivi, lakini mmoja wa hao wawili akiondoka hampotezi kitu.

Kituoni Kimara, ambako abiria hawajuani, hakuna wa kupanga. Huko inafaa kila simu ichague kwa bahati nasibu inayoelemea video zinazopendwa. Watafiti wa mawasiliano Negin Golrezaei, Andreas Molisch na wenzao walieleza mwaka 2013 kwamba nafasi ya kuhifadhi, ambayo ni rahisi kuongezwa, inaweza kufidia masafa ya redio, ambayo ni haba.

Pakueni usiku wa manane, mnara unapokuwa na nafasi, kisha gawianeni kwa Wi-Fi mchana. Simu zenye video zinazopendwa zaidi zitaombwa mara nyingi na kumaliza chaji mapema, hivyo badilishaneni zamu ya kuzibeba kila wiki.