Usikalie ngoma ya watu: yaliyonikuta Ganpati ya Pune

Juzi kuna mdogo wetu kanitumia meseji inboksi, kapata chuo Pune, India, anauliza, "Shikamoo kaka, hivi hiyo Ganpati yao na sisi wageni tunaruhusiwa au wanafukuza?" Ganpati ni sikukuu ya Wahindu ya mungu wao Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mimi walinifukuza. Haikuwa kwenye sikukuu yenyewe, ilikuwa mazoezini, ila kufukuzwa ni kufukuzwa tu.

Mwenzenu ni mtoto wa Bagamoyo, ngoma nimeanza kupiga kabla sijajua kuandika jina langu. Sasa 2023 nimefika Pune, jioni nasikia mdundo unatoka kando ya mto Mutha, kifua kinatetemeka, nikajisemea hawa ni wa kwetu kabisa. Kumbe ni vikundi vya dhol-tasha, wenyewe wanaviita pathak, vinajifua wiki na wiki kabla ya Ganesh Chaturthi, ndiyo hiyo hiyo Ganpati. Dhol ni dude kama pipa, unajifunga kiunoni, upande mmoja unachapa kwa kijiti na mwingine kwa kiganja. Tasha ni kangoma kadogo kama bakuli, vijiti viwili vyembamba, na huyo mdogo ndiye anayeongoza wote. Mimi nilidhani mwenye kubwa ndio bosi, hapo ndio ujue nilikuwa najua kiasi gani.

Mwanafunzi mwenzangu akanipeleka. Siku ya pili, wakati wa mapumziko, miguu inauma, nikaona dhol imelala chini nikaikalia, viatu mguuni, kama gogo la nyumbani. Mbona kwetu mtu anapanda juu ya ngoma na anaipiga hivyo hivyo? Kelele zote zikakatika. Kiongozi wao akaja mbio anafoka Kimarathi, sikuambulia neno hata moja, ila kile kidole kilichoonyesha geti nilikielewa vizuri sana. Watu wote wananitazama, mmoja kashika simu anarekodi. Hata kuniuliza jina hakuniuliza jamani. Nilirudi kwa mguu mpaka nilikopanga na ile mvua yao, na sitasema kama nililia.

Aliyenifungua macho ni mama mwenye nyumba, tulikuwa tunamwita kaku, yaani shangazi. Alicheka kwanza mpaka akakaa chini. Ndio akaniambia ala zile kabla ya mazoezi kuanza zinafanyiwa puja, yaani ibada yao, zinawekewa maua, nazi inapasuliwa, na mguu haugusi kitu kilichofanyiwa ibada. Mimi nilikuwa sijagusa na mguu, nilikuwa nimeweka makalio. Halafu akaniita jikoni kutengeneza modak, kitafunwa kitamu cha sikukuu hiyo, unga wa mchele uliokandwa na maji moto, ndani nazi na sukari guru. Nikasema nazi na mchele, haya si mambo ya kwetu Pwani! Nikajiona fundi. Unatandaza unga kiganjani mwembamba, unaukunja marinda kwa ncha za vidole mpaka juu kiwe kama kitunguu saumu. Yangu ya kwanza ilipasuka, ya pili ikapasuka, ya tano kaku akainyanyua, akaitazama, akaiweka pembeni bila kusema kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, uliza kwanza. Kabla hujakaa uliza, kabla hujapiga picha uliza, viatu vua bila kuuliza. Chakula cha baraka kipokee kwa mkono wa kulia, hilo Mswahili hafundishwi. Na wale mnaoniuliza mambo ya dini, mimi ni Muislamu, wakati wa ibada nilisimama mlangoni na hakuna aliyenilazimisha kuinama, wala sikwenda kumfundisha kaku dini ndani ya nyumba yake. Wapo wenzetu wanaenda miaka mitatu India wanarudi wanajua bei za simu tu, wakialikwa wanasema "aah, mambo ya sanamu", halafu wanalalamika Wahindi wabaguzi. Wapo wabaguzi ndiyo, nimekutana nao. Ila na wewe ulibisha hodi mlango gani? Uliza nasema.

Tangu Tilak, mpigania uhuru wa India, alipoitoa sikukuu hii majumbani akaipeleka mitaani mwaka 1893 ni ya kadamnasi, na ya Pune ina heshima yake, mbele lazima watangulie Ganpati watano wenye daraja, yaani sanamu zake za mitaani, wa kwanza ni wa mtaa wa Kasba. Msafara wa kwenda kuzizamisha sanamu majini unaweza kupita saa 24, usiende na tumbo tupu.

2024 nikaenda pathak nyingine. Safari hii niliomba kubeba maji. Wiki mbili nimebeba maji na kukaza kamba za dhol, pekupeku, ndio wakanifunga moja kiunoni. Malengelenge yalipasuka nikazungushia plasta, yakapasuka tena. Tarehe 17 Septemba tukaingia Laxmi Road, kilemba cha rangi ya chungwa kichwani, poda nyekundu mpaka masikioni, watu juu ya mapaa wanaita "Ganpati Bappa Morya!" Ile pathak ya mwanzo ilikuwa imesimama pembeni inasubiri zamu, na yule kiongozi wao yupo mbele. Nilimwona, na najua aliniona, maana mweusi nilikuwa peke yangu pale. Hakusema kitu. Mimi nikageuza dhol upande wake, nikachapa.