Kwa nini zinasikika kama sauti moja

Dada, umeuliza inakuwaje wale wanawake wawili wa opera wanasikika kama mtu mmoja. Ule ni wimbo wa maua kutoka Lakmé, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Léo Delibes, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1883. Mhusika Lakmé ni soprano, yaani sauti ya juu ya kike, mtumishi wake Mallika ni mezo, yaani sauti ya chini kidogo. Sehemu kubwa ya kiitikio mezo anaimba hatua mbili tu za ngazi ya muziki chini ya mwenzake. Akipanda huyu, na yule anapanda. Halafu kuna irabu. “A” ya mmoja ikiwa pana na ya mwenzake nyembamba, utausikia ufa papo hapo. Waimbaji wazuri husikilizana mpaka pumzi.

Juzi niliufungulia hapa Ngamiani, mama yuko barazani na cherehani yake. Yeye ni mtu wa taarabu, kakulia na sauti ya Shakila. Kifaransa hajui hata neno. Walipoanza kuimba pamoja akaondoa mguu kwenye pedali, kitambaa kimeshikwa na sindano vilevile, hakushona tena mpaka wakamaliza. “Rudisha,” akaniambia. Nikarudisha mara tatu.