Fundi Anajibu: Omu za Spika kwenye Amplifaya ya Valvu

Bendi yetu ina amplifaya ya gitaa ya valvu (zile chupa za kioo zinazowaka), wati 50, yenye valvu mbili za aina ya EL34. Nyuma ina jeki za omu 4, 8 na 16. Boksi letu la spika ni la omu 16, lakini jeki ya 16 imelegea, kwa hiyo tunachomeka kwenye ya 8. Sauti inatoka ila imepungua kidogo. Mwenzetu anasema spika ya omu nyingi haiwezi kudhuru amplifaya. Ni kweli? (Msomaji, Tanga)

Mwenzenu anasema kweli kwa amplifaya ya transista. Huko omu, yaani ukinzani wa umeme, zikipanda mkondo unapungua na transista zinapumzika. Hata ukichomoa spika kabisa, hakuna kinachoungua. Kwenye valvu, katikati kuna transfoma, na hapo mambo yanageuka.

Valvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. EL34 mbili zinazopokezana kazi kwenye amplifaya ya wati 50 hutaka mzigo wa kama omu 3,400 kutoka anodi (bati linalopokea mkondo ndani ya valvu) ya moja hadi anodi ya nyingine. Spika ni omu 8 tu. Transfoma ndiye dalali kati yao, na watu wengi humwelewa vibaya: transfoma haina omu zake. Ina uwiano wa mizunguko ya waya, basi, na omu utakazoitundikia huzidishwa kwa mraba wa uwiano huo. Gawa 3,400 kwa 8, unapata 425. Kipeuo cha pili cha 425 ni karibu 20.6, yaani praimari, upande wa valvu, ina mizunguko 20.6 kwa kila mzunguko mmoja wa sekondari, upande wa spika, unaoishia jeki ya 8. Nyinyi mmetundika omu 16 hapo hapo. Zidisha 16 kwa 425: valvu zenu zinaona omu 6,800, mara mbili ya zilichopangiwa.

Mkondo umebanwa, wati zimeshuka, ndiyo maana sauti imepungua. Kinachotutia wasiwasi zaidi ni volti. Kila noti kali inapopigwa, volti za anodi huruka juu kuliko kawaida, na gridi ya skrini, wavu wa waya ulio ndani ya valvu, hupata joto la ziada. Kwenye soketi ya EL34 mguu wa 3 ni wa anodi na jirani yake, mguu wa 2, ni wa hita, waya unaoipasha valvu moto. Cheche ikiruka kati yao huacha mstari mweusi wa kaboni kwenye soketi, na mstari huo hupitisha umeme tangu siku hiyo. Mtabadilisha valvu hadi mchoke, fyuzi itaendelea kukatika. Dawa ni soketi mpya.

Kinyume chake, spika ya omu 4 kwenye jeki ya 8, huzipa valvu omu 1,700. Hapo zinavuta mkondo mwingi, bati la anodi linaweza kuiva jekundu, na valvu huchakaa mapema. Ila transfoma inanusurika na ile mishtuko ya volti. Amplifaya isiyo na hitilafu kwa kawaida huvumilia tofauti ya mara mbili, juu au chini, kwa sauti ya wastani. Mara nne msijaribu. Na kupiga bila spika kabisa ndiko kubaya kuliko kote: volti hupanda hadi zikatoboa varnishi ya waya ndani ya praimari, na hapo mmeua kifaa cha bei kuliko vingine vyote mle ndani.

Kwa hiyo jeki yenu iliyolegea ni hatari kuliko hizo omu. Mkirudi kuitumia nayo ikaachia katikati ya wimbo, mmebaki bila spika. Chomoeni umeme, kisha toeni chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kiloomu 10, wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Ishikilieni sekunde kumi, halafu pimeni kwa mita kuhakikisha volti ziko chini ya 10. Mle ndani kunaweza kubaki volti zaidi ya 400 hata baada ya kuzima. Ulimi wa jeki ukiwa umepinda, ukunjeni urudi. Ukiwa umelika, jeki mpya ni rahisi. Mkiwa mmefungua, lehemuni rezista ya omu 470, wati 10, kati ya waya wa 16 na waya wa pamoja, ule unaotumiwa na jeki zote. Haichukui mahali pa spika, lakini jeki ikiachia kwa bahati mbaya itapunguza makali. Na waya wa kwenda kwenye spika uwe wa nyuzi mbili nene, milimita mraba 1 au 1.5. Waya wa gitaa ni mwembamba na huungua kwa ndani bila kuonekana.

Nimepata transfoma ya spika kutoka amplifaya kuukuu ya valvu. Upande wa spika una waya nne zisizo na maandishi. Mita ya omu inasoma karibu sifuri kote. Nitajuaje ipi ni 4, 8 na 16? (Msomaji, Nakuru)

Mita ya omu hupima waya wa shaba tu, na waya huo ni mnene na mfupi. Omu unazozitafuta hazimo kwenye shaba.

Anza na praimari. Ni zile waya tatu zinazosomana makumi kadhaa hadi mia kadhaa ya omu. Namba kubwa zaidi kwenye mita ni ya ncha kwa ncha. Waya wa tatu, wa katikati, husoma karibu nusu kutoka kila ncha. Nusu moja ikizidi nyingine kidogo usishtuke: mizunguko ya nje ina waya mrefu zaidi.

Sasa ingiza volti 24 za AC kwenye zile ncha mbili za praimari, kutoka transfoma ndogo ya kupunguza umeme. Adapta inayotoa DC haifai. Usiingize volti hizo upande wa spika hata kwa majaribio. Praimari itakutolea mamia ya volti mkononi. Weka mita kwenye volti za AC, kipimo kidogo kuliko vyote, upime waya zile nne mbilimbili. Jozi inayosoma zaidi ni waya wa pamoja na wa 16, lakini hujui ipi ni ipi. Tuseme umepata volti 1.65. Simama kwenye ncha moja, pima kwenda kwa waya zilizobaki. Ukipata 0.82 na 1.16, hapo uliposimama ni waya wa pamoja: 0.82 ni waya wa 4, na 1.16 ni wa 8. Ukipata 0.48 na 0.82, umesimama kwenye 16. Volti za 4, 8 na 16 lazima zifuatane kama 1, 1.4 na 2, kwa sababu omu huenda kwa mraba.

Kisha gawa 24 kwa 1.16: 20.7. Mraba wake ni 428, mara 8 ni karibu 3,400. Transfoma hiyo inazifaa EL34 mbili. Ungepata karibu 1,700 tungesema ni ya EL34 nne. 6,600 inaelekea kwenye valvu mbili za aina ya 6V6, 8,000 kwenye mbili za EL84.

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuunga spika kati ya waya wa 4 na wa 8, kwa kudhani mmoja wao ndio wa pamoja. Kipande hicho kimekusudiwa omu 0.7 tu. Spika ya omu 8 hapo huziletea valvu mzigo zaidi ya mara kumi ya unaotakiwa, karibu sawa na kutokuwa na spika. Ajabu ni kwamba kati ya 4 na 16 kuna omu 4 halali kabisa. Ni nusu ya mizunguko yote.

Ukiifunga na amplifaya ikalia filimbi kali mara tu inapopata moto, zima haraka. Mrejesho wa sauti, ile sehemu inayorudishwa nyuma kutoka upande wa spika, umegeuka. Badilishana waya mbili za anodi.

Nina boksi moja la omu 8 na jingine la 16. Naweza kuchomeka la 8 kwenye jeki ya 8 na la 16 kwenye ya 16 kwa wakati mmoja? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana. Kila boksi kwenye jeki yake tayari ni mzigo kamili. Ukiweka yote mawili, valvu zinaona nusu ya omu zinazotakiwa. Yaunge sambamba: 8 mara 16, gawa kwa 24, ni omu 5.3. Tumia jeki ya 4. Boksi la 8 litachukua wati mara mbili ya la 16, kwa hiyo ndilo litakalosikika zaidi na ndilo la kulilinda. Mita ikikuonyesha omu 6 kwenye spika ya 8, spika ni nzima.

Amplifaya ya wati 100 yenye EL34 nne ni kali mno kwa ukumbi wetu. Nikichomoa valvu mbili? (Msomaji, Bukavu)

Inawezekana. Chomoa mbili za nje au mbili za ndani, kamwe si mbili za upande mmoja. Zilizobaki zinataka mzigo mara mbili, basi boksi la 16 lichomeke kwenye jeki ya 8. Usitarajie sauti kushuka sana. Nusu ya wati ni desibeli 3 tu.

Amplifaya ya msikiti ni ya transista, ina 4, 8, 16 na pia 100V. Honi nne tuunge wapi? (Msomaji, Mombasa)

Tazameni mgongoni mwa honi. Zenye transfoma huandikwa wati, kwa mfano 15 au 30, na huungwa zote sambamba kwenye 100V. Hapo mnajumlisha wati badala ya omu: nne za 15 ni 60, na amplifaya iwe na zaidi kidogo ya hizo. Kwa waya mrefu hadi mnarani njia hii ndiyo bora, maana mkondo ni mdogo. Honi iliyoandikwa omu 8 tu msiiguse kwenye 100V. Kwa volti hizo itadai wati 1,250, na koili yake itaungua kabla adhana haijaisha.