Jibu: Vitabu vya ratiba za treni Ulaya bado vipo?

Ndugu, umeuliza kama bado unaweza kununua kitabu cha ratiba za treni za nchi nzima huko Ulaya. Vingi vya mashirika ya reli yenyewe vimekwisha. Network Rail, shirika la njia za reli la Uingereza, iliacha kuchapa 2007, toleo la mwisho la Ujerumani likaishia 2008, na hata Uswisi, niliyodhani haitaachia kamwe, ilifunga chapa rasmi Desemba 2017. Hiyo iliniuma.

Lakini usikate tamaa, tafuta kitabu kiitwacho European Rail Timetable. Ni ya bara zima, njia kuu zaidi, si kila kituo kidogo. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook waliianzisha 1873 wakaifunga 2013. Waliokuwa wahariri wake wakaifufua 2014.

Na kwa nini kitabu wakati simu ipo? Simu inakujibu ulichouliza tu. Kwenye jedwali la kitabu vituo vimepangwa kushuka chini, kila treni ina safu yake, na jicho linaona papo hapo kwamba ukiikosa ya saa mbili usiku hakuna nyingine hadi alfajiri. Na ukiona alama ya nyundo mbili zilizopishana, iheshimu: treni hiyo haitembei Jumapili wala sikukuu.